Fuo za Kisumu: Maneno kwa Mtu wa Nchi Kavu

Na Karani wa Isinya

Sisi tukaao Isinya, Kitengela na Kajiado tumezoea kuhesabu maji kwa mtungi. Pampu ya kisima ikiharibika, punda hutembea mwendo mrefu zaidi, na mwenye ng'ombe hulala na mawazo. Ukame wa mwaka 2009, na ule ulioanza mwaka 2021, ulitufundisha thamani ya maji kwa njia ambayo sina haja ya kuirudia hapa. Kwa hiyo mtu wa kwetu apatapo likizo na akiba kidogo, hutamani kwenda mahali penye maji mengi, apate kuyatazama tu, hata kama hatayagusa.

Kweli tunalo ziwa letu la Magadi, nalo ni la ajabu kwa namna yake. Lakini maji yake hayanyweki, na reli iliyopitishwa Kajiado kutoka Konza ilijengwa kwa ajili ya kuchukua magadi, wala si kwa kustarehesha watu. Atakaye kuona maji matamu yasiyo na mwisho, mashua na wavuvi, sharti aende Kisumu.

Mimi nilipata kuhamishwa Kisumu kwa kazi ya ukarani, nikakaa huko miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa upande huu. Tangu hapo, kila likizo za shule zinapokaribia, watu hunijia ofisini wakiniuliza: Ufuo upi ni mzuri? Je, watoto waweza kuoga? Viboko ni wakali? Nimeona ni heri niwajibu wote pamoja katika gazeti hili.

SAFARI YENYEWE

Kutoka Isinya hadi Nairobi ni mwendo wa kilomita 60 hivi, na kutoka Nairobi hadi Kisumu ni yapata kilomita 350 kwa barabara. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: safiri mchana. Wako wapendao basi la usiku ili waokoe siku moja ya kazi, lakini hao hupita katika nchi nzuri kabisa ya Kenya wakiwa wamelala. Atakayesafiri mchana ataona Bonde la Ufa likifunguka chini yake, kisha Naivasha na Nakuru, kisha mashamba ya chai ya Kericho yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Baada ya Kericho barabara huanza kuteremka, na hewa hubadilika. Koti ulilovaa asubuhi utalivua bila kuambiwa. Ukifika Ahero utaona mpunga ukiota katika maji, jambo ambalo kwa mfugaji wa Isinya ni kama ndoto. Kutoka hapo Kisumu si mbali.

Chukua kofia, nguo nyepesi, viatu visivyoogopa tope, na chandarua kama huna hakika ya mahali utakapolala. Habari ya chandarua nitaieleza mbele.

MJI NA ZIWA LAKE

Wazee wa huko husema kwamba jina la Kisumu latokana na neno lenye maana ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Watu wa milimani walileta nafaka, na watu wa ziwani walileta samaki. Basi kabla ya kuwapo reli wala ofisi ya serikali, ufuo ule ulikuwa ni soko.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa ziwa mwezi wa Desemba 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mmoja wa wahandisi. Wakati huo nchi ile ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 ikahamishiwa upande wetu. Meli za kwanza za ziwani ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa na kuunganishwa tena papo hapo Kisumu.

Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi, na Kenya ina sehemu ndogo tu, kama 6 katika kila 100. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Wajaluo huliita Nam Lolwe. Maji utakayoyaona ukiwa Kisumu ni ya Ghuba ya Winam, yaani mkono wa ziwa ulioingia ndani ya nchi kavu. Ghuba hii haina kina kirefu kama ziwa kuu, na watu wengi hudanganyika kwa hilo, wakadhani haina hatari.

UFUO NI WA NANI?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila kulifahamu safari yote itakuwa na kasoro.

Mtu aliyezoea picha za Mombasa akisikia neno "bichi" hufikiri mchanga mweupe, minazi na watu waliolala juani. Kisumu sivyo. Huko bichi ni mahali ambapo mashua hutia nanga na samaki hupimwa, hununuliwa na kuanikwa. Ni karakana, ni soko, na ni ofisi pia. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila bichi ya wavuvi ina kamati yake iliyochaguliwa, nayo huandikisha mashua, husuluhisha ugomvi, na hutunza usafi wa mahali. Ukifika, kamati hiyo ndiyo mwenyeji wako.

Mzee mmoja wa Kajiado niliyemtembeza Dunga aliyatazama maji kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na maji haya yote ni ya nani?" Nilimjibu kama karani, kwamba ni ya umma, na nchi tatu zinashirikiana. Mzee hakuridhika. Akaelekeza fimbo yake kwa akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa juu ya nyavu zilizotandazwa, akasema, "Hapana. Ni kama kisima. Maji ni ya Mungu, lakini kuna aliyechimba." Nadhani alisema kweli. Kwetu mgeni hawezi kufika kisimani na kunywesha ng'ombe wake kabla ya kumsalimu mwenyewe na kungoja zamu. Desturi hiyo hiyo yatosha kukuongoza katika fuo za Kisumu, kwani mambo mengine yote ni matawi yake.

MAHALI NA SAA ZAKE

Kila mahali pana saa yake. Mgeni apendaye kupita kila mahali kwa saa moja haoni kitu.

Dunga ni ya asubuhi. Ni kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa mji, kilomita chache tu kutoka katikati. Ufike mapema, jua likiwa bado changa, ukute mashua zikirudi. Wavuvi wa omena, ambao wengine huwaita dagaa, hukesha majini wakiwasha taa ili kuwavuta samaki, hasa katika usiku wa giza usio na mwezi. Asubuhi hurudi macho mekundu, na akina mama huwangoja na beseni. Hapo utaona biashara ya haraka ajabu: bei hutajwa, hukataliwa, hupunguzwa na hukubaliwa kabla hujajua nani alisema nini. Simama kando. Usiwe katikati ya mwenye samaki na mnunuzi, maana kwao dakika moja ni pesa.

Karibu na kijiji pana kinamasi kikubwa cha mafunjo, na wenyeji wametengeneza njia ya mbao ya kupita juu yake. Ndani ya mafunjo wamo ndege wasioonekana mahali pengine kwa urahisi. Yumo mmoja mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu na utosi wa manjano, ambaye wageni hutoka nchi za ng'ambo kuja kumtafuta. Wako vijana wenyeji walioyasoma majina na sauti za ndege hao. Mlipe mmoja akuongoze; ataona ndege kumi mahali ambapo wewe ungeona majani tu.

Jua likipanda, toka ufuoni. Wakati huu wafaa kwa Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Humo mna boma la Kijaluo lililojengwa kwa desturi yake, na mna matangi yenye samaki wa ziwani walio hai. Mimi huwashauri watu wawapeleke watoto huko kwanza, ili wakiwaona samaki sokoni wawajue kwa majina. Pana pia hifadhi ndogo ya swala pala iliyo kando ya ziwa, iliyotengwa mwaka 1992. Mtu wa Kitengela hatashangazwa na swala, kwa kuwa huwaona njiani akienda kazini. Lakini miti ya pale ina kivuli kizuri, na kuwaona wanyama wa mbugani huku nyuma yao ziwa linameta si jambo la kila siku. Kumbuka kwamba tangu Juni 2020 haturuhusiwi kuingia na chupa za plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi za namna hiyo. Beba maji katika chupa ya kudumu.

Jioni ni ya Hippo Point, rasi iliyo mbele kidogo ya hifadhi hiyo. Ghuba inaelekea magharibi, kwa hiyo jua huzama juu ya maji yenyewe. Watu wa mjini huja pale kwa familia, wachumba huja wawili wawili, na makarani huja peke yao baada ya kazi, kama nilivyokuwa nikifanya. Jua likigusa maji, zile mashua za omena huanza kutoka tena, moja baada ya moja, na baada ya muda taa zao huonekana mbali kama mji mwingine uliojengwa juu ya ziwa. Sijaona kitu cha bure kilicho kizuri kuliko hicho.

Mwenye siku ya ziada aweza kwenda kisiwa cha Ndere, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986. Huko huendi kwa kubahatisha. Uliza kwa watu wa hifadhi, uende na nahodha anayejulikana, tena utoke asubuhi.

CHAKULA

Mtu akitoka Kisumu bila kula samaki, ni kama mtu aliyefika Isinya asionje nyama ya mbuzi. Samaki mwenye heshima kubwa mezani ni ngege. Huletwa mzima, na kichwa chake na macho yake, na huliwa kwa mkono pamoja na ugali na mboga za kienyeji. Wafugaji wa kwetu huogopa miba. Siri ni kuanza mgongoni, kuivuta nyama pembeni polepole, na kutozungumza sana. Kichwa usikiache, wenyeji watakuona huna adabu kwa samaki.

Mbuta ni samaki mkubwa asiye mwenyeji wa ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, akakua na kuongezeka mno, akawala samaki wadogo hata aina nyingi za fulu zikatoweka. Minofu yake hupelekwa viwandani na kusafirishwa hadi Ulaya. Mifupa yenye nyama kidogo iliyobaki hukaangwa na kuuzwa kwa bei nafuu, nayo huitwa mgongo wazi. Mtu akikuuzia mgongo wazi usimdharau. Ni chakula kitamu, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa biashara hiyo.

Ukila ufuoni, uliza bei kabla samaki hajatiwa katika mafuta. Mchague mwenyewe: macho yawe maangavu, mashavu mekundu, na nyama irudi ukiibonyeza kwa kidole. Mama mwenye samaki mzuri hatachukia ukimkagua, bali atakuheshimu.

MASHUA NA UPEPO

Sasa nasema na baba wa nyumba. Watu wengi wa kwetu hawajui kuogelea, wala si aibu, maana tungejifunzia wapi? Lakini asiyejua kuogelea hana ruhusa ya kujifanya shujaa.

Kabla ya kukanyaga mashua, fanya mambo manne. Kwanza, patana bei na urefu wa safari mbele ya mtu wa kamati. Pili, dai jaketi la kujiokoa kwa kila mtu, mtoto kwa mkubwa, na lifungwe palepale ufuoni; jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halimwokoi mtu. Tatu, hesabu watu, na chombo kikionekana kimejaa, ngoja kingine. Nne, tazama mbingu, kisha mwulize nahodha aonavyo yeye, na akisema hapana, usibishane naye.

Asubuhi ghuba hutulia kama maziwa katika kibuyu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri mawingu hukusanyika juu ya milima ya Nandi. Hapo hali yaweza kugeuka kwa muda mfupi sana.

Siku moja nilikuwa Dunga yapata saa kumi alasiri. Ikaja familia moja kutoka Nairobi, baba, mama na watoto watano, wamevaa vizuri, wakataka kupelekwa kuona viboko. Nahodha, mzee mwenye mvi, alitazama upande wa Nandi akakataa. Yule bwana akaongeza fedha, akaongeza tena, akasema kwamba ametoka mbali na kesho atakuwa kazini. Mzee akamjibu kwa upole, "Mwanangu, fedha zako ni nzuri, lakini wingu lile halizipokei." Bwana yule akakasirika, akaenda kwa mashua ya pili na ya tatu. Hakuna aliyekubali.

Haikupita nusu saa upepo ukashuka. Maji yaliyokuwa ya kijani yakawa ya kijivu, kisha meupe kwa povu. Mvua ikaja kwa ubavu. Mashua mbili za wavuvi zilikuwa bado nje, na akina mama walisimama ukingoni bila kujifunika, wakitazama. Hakuna aliyesema neno. Mashua ya kwanza ikaonekana, tanga limeshushwa, watu wanachota maji kwa makopo. Ya pili ilichukua muda mrefu zaidi. Ilipogusa mchanga, mama mmoja aliingia majini hadi magotini, akaushika ubao wa mbele kwa mikono miwili, asiuachilie. Wale watoto watano walikuwa chini ya kibanda pamoja nami, nao waliona yote. Baba yao alikwenda kwa mzee nahodha, akampa mkono. Mzee akampokea, akamwuliza kama watoto wamekula.

Kumbuka pia gugu maji. Mmea huu wenye ua zuri la zambarau ulitoka Amerika ya Kusini, na mwaka 1998 ulifunika sehemu kubwa ya ghuba. Haukai mahali pamoja. Upepo huusukuma kutoka upande huu hadi ule. Mashua yaweza kutoka asubuhi kwenye maji meupe, na mchana ikakuta njia ya kurudi imezibwa. Wenyeji wanajua utakakoelekea. Hii ni sababu nyingine ya kumsikiliza nahodha.

AFYA

Je, watoto waweza kuoga ziwani? Jibu langu ni hapana. Katika maji ya kina kifupi, hasa penye majani, wamo konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi bila kuuma, na ugonjwa huonekana baadaye sana, wakati umekwisha kusahau safari. Utawaona watoto wa huko wakiogelea, lakini hiyo si hoja, kwa kuwa nao huugua na hupewa dawa shuleni. Atakaye kuogelea na aende kwenye bwawa safi la hoteli. Kama mtoto amekwisha kuingia ziwani, usimpige; baada ya wiki sita au nane mpeleke hospitali apimwe, umweleze daktari kwamba aliingia Ziwa Viktoria. Dawa ipo, nayo huponya.

La pili ni malaria. Nchi yetu ya Isinya ina mbu wachache wa malaria, na kwa hiyo miili yetu haijazoea kupigana na ugonjwa huo. Upande wa ziwa ndiko malaria ilikozidi katika Kenya yote. Mtu mzima wa huko aweza kuugua kidogo akaenda kazini, na mtu wa Kajiado akaanguka kitandani kwa ugonjwa huo huo. Mwone daktari kabla ya safari ili akushauri habari za vidonge vya kinga, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Lala ndani ya chandarua kila usiku. Ukipata homa baada ya kurudi nyumbani, hata kama zimepita wiki mbili au tatu, usiseme ni uchovu wa basi. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo.

La tatu ni viboko. Mchana hukaa majini, na usiku hupanda nchi kavu kula majani. Kiboko kwa macho ni mnene na mvivu, lakini hukimbia kuliko mtu, na mtu akisimama kati yake na maji humshambulia. Giza likiingia, ondoka ukingoni, upite barabarani penye taa.

ADABU ZA MGENI

Mambo ya adabu si mengi. Salimu kwanza. Asubuhi Wajaluo husema "Oyawore", na jioni "Oimore". Ukipewa kitu sema "Erokamano". Mzee mwite "Jaduong'". Sisi tunaojua jinsi "Sopa" inavyofungua mlango wa boma hatuhitaji kufundishwa nguvu ya salamu. Usikanyage nyavu zilizotandazwa, wala usimruhusu mtoto kuchezea omena walioanikwa, maana ile ni mishahara ya watu. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Takataka zako rudi nazo. Na ununue kitu ulipotembea, hata kama ni kidogo, kwa yule aliyekuonyesha njia.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko watu wengi walivyowahi kuona, likafunika fuo na kuingia katika nyumba, na wazee wakakumbuka mafuriko ya miaka ya 1961 hadi 1964. Watu wa fuoni walipoteza vibanda, vyoo, na mahali pa kuanikia samaki. Maji yaliposhuka walijenga tena kwa mikono yao. Shilingi ya mgeni mwenye adabu ilisaidia katika kazi ile, na hata leo inasaidia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi, ndugu wasomaji, wekeni akiba kidogo kidogo, mwende na watoto wenu. Mtoto aliyezoea kuona maji yakipimwa kwa debe akiona Nam Lolwe, atajua kwamba nchi yake ni pana kuliko alivyofikiri, na kwamba wako wananchi wenzake ambao maji ndiyo shamba lao na ndiyo hatari yao. Nanyi mkikutana na wavuvi wa Dunga, wakaribisheni Isinya. Nimepata kuwasikia wakisema kwamba wangependa siku moja kuona nchi ambayo mtu husimama pahali pamoja akatazama mpaka macho yachoke, asione hata tone la maji.